Ishara ya giza inachelewa kila usiku: kosa ni langu, la fundi taa, au la neno "nenda"?

Mwanafunzi_Pembeni
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili nasomea sanaa za maonyesho, na muhula huu nimekabidhiwa umeneja wa jukwaa kwenye tamthilia ya wenzangu. Kitabu cha ishara (kinachoonyesha kila badiliko la taa na sauti na wakati wa kuliita) nimekishika tangu siku ya kwanza ya mazoezi: ishara 86 za taa, 19 za sauti. Taa nimezipa namba, sauti nimezipa herufi, ili kwenye hedifoni zisichanganywe.

Kinachoninyima usingizi ni ishara moja tu, taa 47. Mama amekaa mezani. Anakunja barua mara mbili, anaibana kwa kidole gumba, anasema "Basi, nimekubali." Hapo jukwaa lote linatakiwa liwe giza papo hapo, na mlango usikike ukifungwa (sauti F). Nikimwita fundi kwenye hedifoni, "Taa 47, nenda," mama anapomaliza tu kusema, giza linachelewa. Uso wa mwigizaji umeshaanza kulegea, watazamaji wanamwona akirudi kuwa yeye mwenyewe. Mwongozaji ameniandikia maoni yale yale siku tatu mfululizo: "Giza limechelewa."

Fundi taa anaapa anabonyeza papo hapo. Mimi naapa naita papo hapo. Nani anachelewa?

KambaNaKapi
Mdogo wangu, wote wawili mnasema kweli na giza bado linachelewa. Ifuate safari yake. Mama anamaliza neno, sikio lako linalipokea, unaamua, mdomo unafunguka. Hapo imeshapita kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Neno lako linapita kwenye waya, fundi analisikia, kidole kinashuka: sehemu nyingine kama hiyo. Jumlisha na muda wa kulitamka neno lenyewe, umekaribia nusu sekunde au umeipita. Katika mazungumzo ya kawaida nusu sekunde si kitu. Kwenye giza la ghafla ni ndefu mno.

Usingoje amalize. Chukua penseli (wino usiuguse kwenye kitabu hicho), weka alama juu ya silabi "ku" ya "nimekubali". Neno lako na neno lake yaishe pamoja.

FundiTaa_Juu
Kabla hatujafika kwenye silabi, nendeni mkaiangalie meza ya taa. Kila ishara ina muda wake wa kufifia. Mtu akipanga taa kwa haraka, meza inajaza muda wake yenyewe, na kwenye meza nyingi nilizofanyia kazi muda huo si sifuri. Fundi anabonyeza kwa wakati, meza inashusha taa polepole kama ilivyoagizwa, lawama anabeba meneja.

La pili ni balbu. Balbu za nyuzi, hasa zile kubwa za wati 1000 na 2000, hazizimiki kama mshumaa uliopulizwa. Umeme ukikatika uzi unabaki mwekundu kwa muda, ukitazama juu utauona. Taa za LED zinakatika mara moja. Mkiwa na mchanganyiko, giza lenu linakuja kwa awamu mbili na hakuna mtu wa kulaumiwa.

Mwanafunzi_Pembeni
Nashukuru. Nimempigia fundi sasa hivi: muda wa taa 47 ni sekunde 0. Balbu zetu karibu zote ni za nyuzi.

@KambaNaKapi, hiyo alama ya "ku" inanitia hofu. Siku ya pili mwigizaji alilivuta neno, "nimeku... bali", machozi yamemkaba kweli. Ningeita kwenye "ku", giza lingemkata katikati.

BintiMaleba
Hapo ndipo mnapopotea, mnafuata maneno. Mimi ni mtu wa maleba. Kila siku nasimama gizani pembeni nikimngoja mwigizaji atoke, nimvue koti na kumvisha jingine ndani ya sekunde arobaini. Sijawahi kungoja neno. Nangoja mabega. Mwigizaji akikaribia kumaliza tukio zito, kabla ya neno la mwisho mabega yanashuka kidogo na pumzi inatoka. Hata alivute neno namna gani, pumzi haidanganyi.

Mtazame mama yako. Kuna kitu mwili wake unafanya kila siku kabla hajamaliza.

Mtunza_Kitabu
Dada BintiMaleba, nakuheshimu, ila pumzi haiwezi kuandikwa kitabuni, na kisichoandikwa kitabuni hakipo. Kile kitabu si cha huyu mwanafunzi. Ni cha onyesho. Akiugua leo jioni, mtu ambaye hajaona hata zoezi moja anatakiwa akifungue, aite ishara zote 86, na mtazamaji asijue kama meneja amebadilika. Huyo mgeni utamwambia "ngoja mabega"?

BintiMaleba
Namwambia, ndiyo. Naandika: "kidole gumba kinaiachia barua." Si mwenyewe amesema mama anaibana barua kwa kidole gumba? Lazima kuna wakati anaiachia.

Mtunza_Kitabu
Hiyo sasa inaandikika. Nimekubali hiyo.

Sikio_Ukumbini
Mimi ni fundi sauti, na naona hakuna aliyeligusa neno lenyewe. "Nenda" lina silabi mbili, mkazo uko kwenye "ne". Kuna fundi anayebonyeza kwenye "ne", kuna anayengoja "nda" iishe. Nimekaa meza moja na fundi taa miaka, yeye wa "ne", mimi wa "nda", na kila mara mlango wangu ulikuwa unafuata giza lake kwa kiasi kile kile. Tulidhani ni mitambo. Siku moja meneja alitwambia tufumbe macho, kila mmoja agonge meza kwa kalamu akisikia "nenda". Tok, tok. Mara kumi, tok, tok, haikuja pamoja hata mara moja.

Fanyeni hilo jaribio leo. Halimalizi hata dakika mbili.

Jina_Geni
Kwani lazima iwe "nenda"? Sisi kwenye kikundi chetu tunasema "haya". Inatoka haraka, haina "nd" ya kukwama mdomoni.

KambaNaKapi
"Haya" ni hatari, ndugu yangu. Mtu mmoja akijibu swali kwenye hedifoni, "haya, nimekuelewa", tayari kuna kidole kimeshuka. "Sasa" ndiyo mbaya kupita zote, maana hatuwezi kuongea dakika mbili bila kuitamka. Nilikuwa juu kwenye kamba za kuvutia mandhari wakati msaidizi aliposema "sasa jamani, mnasemaje?" Mwenzangu wa upande wa pili akaachia mfuko wa theluji ya karatasi. Chini kulikuwa na harusi. Theluji ikamwangukia bibi harusi na wazee wote wawili, na waigizaji wakaendelea kula kiapo kama vile hali ya hewa imebadilika ghafla.

Neno la kuamrisha halitakiwi lisikike popote isipokuwa linapoamrisha. Hata mkilijadili, msilitamke. Sisi tulikuwa tunaliita "lile neno".

Jina_Geni
Theluji harusini nimeipenda, lakini hoja nimeipata. Basi "go" kama wanavyosema wengine? Silabi moja, kwisha.

Sikio_Ukumbini
"Go" ina faida hiyo: kugongana kati ya "ne" na "nda" hakupo. Na katika mazungumzo ya Kiswahili hatulitumii ovyo. Ila nimefanya kazi na mameneja wanaolivuta, "gooo", hapo umerudi kule kule.

Mtunza_Kitabu
Muhimu kuliko neno ni mpangilio. Idara kwanza, namba ifuate, amri mwisho. "Taa 47, nenda." Kamwe si "nenda taa 47", kwa sababu ukitamka amri mwanzoni kila mwenye kitufe anabonyeza. Na kabla ya hapo lazima uwatayarishe: "Taa 47 na sauti F, jiandaeni." Wajibu: "Taa, tayari." "Sauti, tayari." Usipojibiwa, usiendelee kana kwamba umejibiwa.

@Mwanafunzi_Pembeni, unawatayarisha muda gani kabla?

Mwanafunzi_Pembeni
Ukurasa mzima kabla. Niliogopa kusahau. Ni kama dakika mbili hivi.

FundiTaa_Juu
Dakika mbili kidole kiko juu ya kitufe! Mdogo wangu, hapo ndipo giza lako linapopotelea. Baada ya nusu dakika mkono unachoka, fundi anaurudisha kwenye paja, macho yanaenda jukwaani, naye anakuwa mtazamaji. Ukiita, mkono unaanza safari upya. Tukio lenyewe ni zuri kama unavyolieleza, ataacha vipi kulitazama?

Mistari minne mitano inatosha.

PaziaZito
Nimesoma mjadala wote nikashangaa hakuna aliyetaja taa za ishara. Neno mnaliondoa kabisa. Kitaa chekundu maana yake jiandae, cha kijani maana yake fanya. Kwenye mifumo mingi chekundu kinapepesa mpaka fundi abonyeze kukiri kuwa amekiona, ndipo kinatulia. Meneja anabofya, kijani kinawaka, hakuna "ne" wala "nda". Watu wa mapazia na wanaosukuma milango nyuma ya mandhari wanategemea hivyo kwa sababu hawawezi kuvaa hedifoni.

Sikio_Ukumbini
Na balbu ya kijani ikiungua? Mtu amekodolea macho kitaa kilichokufa huku tukio linapita. Ndiyo maana wengi hutumia vyote viwili.

Mzee_Mandhari
Salaam. Niongeze swali kwa mwanafunzi: tunampima kwenye taa 47, lakini je, miito ya kabla ya pazia (kuwatangazia waigizaji muda uliobaki) anaijua? Meneja anayechelewa kuita nusu saa atachelewa kila kitu.

Mwanafunzi_Pembeni
Naita, mzee. Onyesho linaanza saa 1:30 usiku, nusu saa naita saa 1:00 kamili.

Mzee_Mandhari
Unaona? Umechelewa dakika tano. Nusu saa huitwa saa 12:55.

Jina_Geni
Mzee, nusu saa ni dakika thelathini. Hesabu hii haina mjadala.

Mtunza_Kitabu
Ina mjadala, na wote wawili wana haki yao. Kwa utaratibu wa Uingereza miito inahesabiwa kuelekea mwito wa waanzaji (waigizaji wanaoanza jukwaani), ambao ni dakika 5 kabla ya pazia. Kwa hiyo nusu huitwa dakika 35 kabla, robo dakika 20, tano dakika 10, waanzaji dakika 5. Kwa onyesho la saa 1:30: 12:55, 1:10, 1:20, 1:25. Kwa utaratibu wa Marekani nusu ni dakika 30 kamili, kisha 15, kisha 5, kisha "kwenye nafasi zenu". Mwanafunzi hajakosea, amefuata wa pili. Cha muhimu mwigizaji ajibu "asante" pamoja na dakika alizoambiwa, ili ujue amesikia si kwamba umeongea na mlango.

Mzee_Mandhari
Nimesahihishwa, nashukuru. Mimi nililelewa na ule wa kwanza.

PaziaZito
Tukiwa kwenye mambo ya usalama, mwanafunzi ajue pia kuwa kuteremsha pazia la moto (linalozuia moto wa jukwaani usiwafikie watazamaji) ni sehemu ya kazi hii. Si mapambo. Lile janga la Chicago la 1904 watu zaidi ya elfu walikufa kwa sababu pazia halikushuka.

Mtunza_Kitabu
Ni tarehe 30 Desemba 1903, ukumbi wa Iroquois, na waliokufa ni 602. Ulikuwa umefunguliwa mwezi mmoja tu kabla ya hapo, na ulitangazwa kuwa haushiki moto. Taa ya jukwaani iliwasha kitambaa, pazia la moto likanasa likiwa njiani kushuka, na milango mingi ya kutokea watu hawakuweza kuifungua. Janga hilo ndilo lililochochea ile milango yenye upau unaousukuma kwa kifua ikafunguka. Miaka 16 nyuma yake, tarehe 5 Septemba 1887, ukumbi wa Exeter kule Uingereza uliungua wakafa watu 186.

Kwa hiyo pazia la moto lijaribiwe, lishuke mpaka chini lipande tena. Mnaposhika zamu hilo liangalieni kwanza, taa 47 baadaye.

PaziaZito
Asante kwa masahihisho. Idadi niliyosema nilisimuliwa na mtu.

BintiMaleba
Mniruhusu nitoke nje ya mada kidogo. Nilifokewa siku ya kwanza kwa kupiga mluzi nyuma ya jukwaa, hakuna aliyenieleza kwa nini.

KambaNaKapi
Nilivyosimuliwa, watu wa kamba zamani walikuwa mabaharia. Wakiwa bandarini bila kazi waliajiriwa kuvuta mandhari, wakawa wanapeana ishara kwa mluzi kama melini. Ukipiga mluzi ovyo, mtu anakuteremshia gunia la mchanga kichwani.

Mzee_Mandhari
Mimi nilifundishwa ni habari ya taa za gesi: gesi ikipungua ilikuwa inatoa sauti kama mluzi, na watu walitakiwa waisikie mara moja.

Sikio_Ukumbini
Kwangu mimi sababu ni rahisi kuliko zote mbili. Mluzi unapenya. Mtazamaji wa safu ya kumi ataisikia midundo ya mluzi wako wakati wa kimya cha mama na barua yake.

Jina_Geni
Na nguo nyeusi je? Nayo ni ya mabaharia?

BintiMaleba
Nyeusi ni ili usionekane ukipita nyuma ya mandhari. Ila kwenye kabuki, maigizo ya jadi ya Japani, wasaidizi wanaoitwa kurogo wanaonekana waziwazi jukwaani wakiwa wamevaa nyeusi, na watazamaji wamekubaliana kutowaona. Kwenye tukio la theluji wanavaa nyeupe, kwenye bahari buluu. Huko ishara ya pazia hupigwa kwa mbao mbili ngumu, ki, zinazogongwa moja kwa nyingine. Hakuna "nenda".

Sikio_Ukumbini
Tok, tok. Kumbe wenzetu walishamaliza.

Mwanafunzi_Pembeni
Wakuu nimerudi, niwape taarifa ya leo.

Tumefanya jaribio la kalamu kabla ya onyesho. Fundi taa ni wa "nda" kabisa, fundi sauti ni wa "ne". Mlango kwetu unatangulia giza. Tumekubaliana wote wabonyeze kwenye "ne". Matayarisho nimeyasogeza, sasa naita "jiandaeni" mistari mitano kabla. Na nimemtazama mama kwenye mazoezi ya mchana mara tatu. @BintiMaleba, kidole gumba kinaiachia barua kabla ya "nimekubali" kila mara, hata alipolivuta neno. Nimeandika kitabuni: *T47 + SF, kidole gumba kinaachia barua*.

Sikio_Ukumbini
Subiri kidogo. Umesema mlango ulikuwa unatangulia? Basi huenda giza halikuwahi kuchelewa. Mlango ukisikika kwanza, sikio linaambiwa tukio limekwisha, halafu jicho linaona taa bado zinawaka. Mwongozaji anaandika "giza limechelewa" wakati kilichowahi ni mlango. Ungeusogeza mlango nyuma kidogo tu, taa usingeigusa.

FundiTaa_Juu
Na uzi mwekundu wa balbu je? Nao mlango ndio umeuwasha?

Sikio_Ukumbini
Uzi ulikuwepo kila siku na kwenye ishara nyingine zote. Mbona malalamiko ni ya 47 peke yake?

FundiTaa_Juu
Kwa sababu 47 ndiyo pekee inayokwenda giza kwa sekunde 0, huku uso wa mtu ukiwa katikati ya mwanga. Nyingine zinafifia, hakuna anayeuona uzi.

KambaNaKapi
Na mimi bado nasema ni safari ya sikio na kidole. Kidole gumba kitasaidia kwa sababu kinakuja mapema kuliko neno. Ni alama yangu ya "ku" kwa jina jingine.

BintiMaleba
Si ya kwako. Yako ingemkata usiku wa machozi, hii haimkati.

Mtunza_Kitabu
Mwanafunzi, umeshafanya onyesho lenyewe? Umebadilisha vitu vitatu siku moja, kwa hiyo hata likiwa sawa hutajua kilichoponya ni kipi. Ripoti ya onyesho imesemaje?

Mwanafunzi_Pembeni
Ndiyo tumetoka sasa hivi, nimeandika ripoti ukumbi ukiwa mtupu. Nimeita kwenye kidole gumba. Uso wa mama haukulegea mbele ya mtu yeyote, niliuona mwenyewe kwenye skrini mpaka ulipopotea. Watazamaji walikaa kimya kabla ya kupiga makofi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye tukio hilo. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Kisha mwongozaji ameniletea maoni. "Giza limewahi."

FundiTaa_Juu
Limewahi?

Mzee_Mandhari
Alikaa wapi leo?

Mwanafunzi_Pembeni
Safu ya mwisho kabisa, nyuma. Zile siku tatu alikuwa safu ya pili.

Sikio_Ukumbini
Kutoka jukwaani hadi safu ya mwisho ni kama mita ngapi? Ikiwa ni 20, sauti ya mama inamfikia kama sehemu sita za mia za sekunde baada ya mwanga. Giza anapata papo hapo, "li" ya mwisho bado iko njiani.

KambaNaKapi
Sehemu sita za mia hakuna binadamu anayeziandikia maoni.

BintiMaleba
Kwa umbali huo huoni uso ukilegea wala kidole kikiachia barua. Unachobaki nacho ni neno tu.

Mtunza_Kitabu
Usibadilishe chochote kesho. Ita vile vile ulivyoita leo, umwombe mwongozaji akae safu ya pili. Kitabuni weka alama ya penseli, na tarehe.

Mwanafunzi_Pembeni
Sawa. Nimeshaandika. Kesho nusu saa naiita saa 12:55, mzee Mandhari, ili nisigombezwe na upande wowote.